Sibiu haiwaki: tafuta stima imekatikia wapi

Kuanzia Nakuru hadi Busia, kisanduku cha kompyuta ya mezani watu hukiita sibiu, na hapa nitakiita vivyo hivyo ingawa kwa haki jina hilo ni la prosesa, ile chipu inayofanya hesabu, peke yake. Sibiu ikigoma, mwenyewe huibeba hadi kwa fundi na maneno mawili: "Fundi, imekufa." Fundi mwenye haraka naye humjibu kwa mawili: "Bodi imeenda." Hapo katikati hakuna aliyepima kitu. Bodi nyingi (sahani kuu ya saketi ndani ya kisanduku) zinazohukumiwa namna hii ni nzima kabisa. Kilichokufa ni fyuzi, kebo, swichi ya kuwashia au pawa saplai (kile kisanduku cha chuma kinachogeuza stima ya ukutani kuwa volti ndogo za mashine), na vyote hivyo unaweza kuvitambua ukiwa mezani pako mwenyewe, mradi una bisibisi ya nyota na multimita (kifaa cha kupimia stima), hata ile ya bei ya chini kabisa.

Stima hupita njia moja tu hadi kwenye prosesa: soketi ya ukutani, ekstensheni au UPS (kisanduku chenye betri ya kushikilia stima ikikatika), fyuzi iliyo ndani ya plagi, kebo, pawa saplai, bodi kuu, kisha swichi unayoibonyeza ndiyo inayoiambia bodi iite stima yote. Kazi ni kuifuata njia hiyo kutoka ukutani na kusimama pale inapokatikia. Ukiruka kituo kimoja, utanunua kifaa ambacho hukukihitaji.

Kwanza, hiyo "haiwaki" ni ipi?

Kabla ya kufungua msumari wowote, bonyeza swichi, tega sikio na uangalie vizuri. Kuna sibiu iliyo kimya kabisa, haina taa wala feni. Kuna ile ambayo feni hutikisika nusu mzunguko na kusimama, pengine ikajaribu tena baada ya sekunde mbili tatu. Na kuna ile ambayo feni zinavuma, taa imewaka, lakini skrini ni nyeusi. Hizi ni shida tatu tofauti. Ile ya kimya ina stima iliyokatika njiani. Inayotikisika ina shoti mahali fulani, yaani stima inagusana pasipotakiwa, au pawa saplai iliyochoka isiyoweza kubeba mzigo. Ya skrini nyeusi stima imeshaifikia, kwa hiyo usipoteze siku nzima ukihangaika na soketi.

Mashine nyingi huku kwetu ni zile za ofisi zilizotoka ng'ambo zikiwa zimetumika: Dell OptiPlex, HP Compaq, Lenovo ThinkCentre. Hizi zina taa zinazosema, na ni hasara kubwa kutozisoma. Kwenye OptiPlex, taa ya swichi ikiwa ya rangi ya machungwa, iwe inapepesa au imetulia, stima ya akiba (ile ndogo inayokuwepo muda wote kebo imechomekwa) imefika kwenye bodi lakini mashine imeshindwa kumaliza kuwaka; soketi na kebo yako hazina kosa. OptiPlex nyingi pia zina kitufe kidogo nyuma kwenye pawa saplai yenyewe, na kitaa kando yake. Chomeka kebo, bonyeza kitufe hicho: kitaa kikiwaka kijani, pawa saplai imejipima na kujiona nzima. Kisipowaka, chomoa kebo, toa waya zote zinazoingia kwenye bodi na diski, kisha rudia. Kikiwaka safari hii, pawa saplai ni nzima na kuna kifaa ndani kinachoivuta chini. Kisipowaka tena, umepata mgonjwa wako bila hata multimita.

Kwenye HP Compaq za ofisi, hesabu mapigo ya taa nyekundu kabla haijapumzika sekunde mbili. Mara 4 ni pawa saplai iliyoelemewa. Mara 5 ni ramu (kumbukumbu ya mashine). Mara 6 ni upande wa picha, yaani kadi inayolisha skrini. Modeli mpya za HP huchanganya nyekundu na nyeupe, kwa hiyo hizo tafuta maelezo ya modeli yako.

Ukutani na kwenye plagi

Chomeka taa au chaja ya simu kwenye soketi ile ile. Ndiyo, ile ile, wala si ya jirani yake. Ikiwaka, bado hujamaliza: chaja ya simu huridhika hata na stima dhaifu. Weka multimita kwenye volti za AC, kipimo cha 750, upime soketi. Stima ya Kenya ni volti 240. Ukisoma kati ya 220 na 250, endelea. Ukisoma chini ya 200, hasa jioni na hasa kwenye nyumba zilizo mbali na transfoma, pawa saplai za zamani zinaweza kugoma kuwaka au kuzima ovyo, na mashine haina ubaya wowote. Subiri usiku wa manane ujaribu tena. Ikiwaka bila tatizo, wa kulalamikiwa ni laini ya stima.

Sasa ondoa ekstensheni. Ondoa na UPS. Peleka kebo moja kwa moja ukutani. UPS ndogo ya 650VA hubeba betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 7, ambayo kwa kawaida huchoka baada ya miaka miwili mitatu. Betri ikifa kabisa, UPS nyingine hukataa kupitisha stima hata kama ya ukutani ipo. Mtu anaona sibiu imekufa, kumbe imefungiwa mlango.

Fungua plagi ya pini tatu. Ndani kuna fyuzi ndogo yenye vifuniko viwili vya chuma. Kebo ya kompyuta kwa kawaida huwa na ya ampea 5. Ya ampea 3 huwa nyekundu, ya 13 huwa ya kahawia. Itoe, weka multimita kwenye omu (kipimo cha ukinzani) au kwenye mlio: nzima husoma karibu na sifuri. Iliyokatika weka nyingine ya ampea zile zile. Kuna watu huifunga kwa karatasi ya sigara au kuweka kipande cha msumari. Ukikuta plagi ya namna hiyo, itupe yote, kwa sababu siku ikipatikana shoti hakuna kitakachokatika ila waya zenyewe, ukutani au ndani ya mashine.

Kebo zinazokuja na mashine za Ulaya zina pini mbili za duara. Watu huzilazimisha kwenye soketi zetu kwa kusukuma tundu la juu kwa kalamu. Mashine inawaka, lakini waya wa ardhini haugusi popote. Ndiyo maana ukigusa kisanduku unahisi kama wadudu wanakutembea kwenye vidole: ndani ya pawa saplai kuna kichujio kilichounganishwa na kisanduku, na bila waya wa ardhini kisanduku huweza kukaa karibu na nusu ya volti za ukutani. Ampea ni ndogo mno kukuua, lakini kila unapochomeka flashi au printa, stima hiyo hutafuta pa kupitia. Nunua kebo ya pini tatu halisi. Ni kitu kidogo sana ukilinganisha na bodi.

Na kebo yenyewe upande wa sibiu: isukume mpaka mwisho. Tundu la nyuma likilegea, hata paka akipita chini ya meza hukata stima. Nyuma pia kuna swichi yenye alama za I na O kwenye pawa saplai nyingi; iwe kwenye I. Ukiona swichi nyingine ndogo, mara nyingi nyekundu, iliyoandikwa 115 na 230, iache kwenye 230 daima. Mashine zilizotoka Marekani zinaweza kufika zikiwa kwenye 115. Ukizichomeka hivyo kwenye stima yetu, kapasita (mitungi inayohifadhi stima) mbili za ndani zilizotengenezwa kubeba kama volti 200 kila moja hupewa karibu 340 kila moja. Utasikia mlipuko na kuona moshi, na hapo hakuna kupima tena.

Kukamua stima iliyobaki

Hatua hii haigharimu chochote, na inafufua mashine nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa asubuhi baada ya stima kuchezacheza usiku. Chomoa kebo ya stima. Chomoa pia skrini, printa, waya wa intaneti na kila kilicho kwenye USB. Bonyeza swichi ya kuwashia na uishikilie sekunde 30. Acha dakika tano. Chomeka kebo ya stima peke yake, jaribu.

Sababu ni hii: pawa saplai ina ulinzi unaojifunga ikiona volti zimepanda au kuna shoti ya mpito. Ukishajifunga, haujifungui mpaka kapasita za ndani ziishe stima. Kuchomoa na kuchomeka haraka haraka hakuzimalizi. Ikiwaka baada ya kukamuliwa, rudisha vifaa kimoja kimoja. Kikirudishwa kimoja na mashine ikazima, hicho ndicho.

Kufungua

Chomoa kebo. Gusa chuma tupu cha kisanduku kabla ya kugusa bodi. Pawa saplai yenyewe usiifungue: kapasita zake kubwa hushika volti 340 na hata 400 kwa muda baada ya kuchomoa. Kama hujafundishwa kuzimaliza stima, kaa mbali nazo.

Nusa kwanza. Harufu ya pawa saplai iliyoungua ni kama plastiki iliyochanganyika na samaki aliyeoza kidogo, na haisahauliki. Kisha washa tochi ya simu uangalie bodi kuzunguka prosesa. Pale pana mitungi midogo iliyosimama wima, kapasita. Juu ya kichwa chake kila mmoja ana mikwaruzo iliyokatwa makusudi, kama msalaba au herufi K. Kapasita nzima ina kichwa bapa kabisa. Kucha ikipita juu haipandi wala kushuka. Iliyokufa imevimba kama kifuniko cha kopo la maziwa lililoharibika, na mara nyingine ile mikwaruzo imepasuka ikatoa ute wa kahawia uliokaukia hapo. Nyingine huvujia chini, ikainama upande mmoja. Hizi fundi anayejua kulehemu anaweza kubadilisha: maikrofaradi zile zile, volti zile zile au zaidi, aina ya nyuzijoto 105 yenye ukinzani mdogo. Akikuwekea ya kawaida iliyong'olewa kwenye redio, itadumu wiki chache.

Nakuru ina vumbi, na jina lenyewe husemwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana hiyo. Kisumu ina wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku na kufia ndani ya feni. Vumbi likichanganyika na unyevunyevu hupitisha stima kidogo pale isipotakiwa. Safisha kwa bulowa na brashi laini, si kwa kupuliza na mdomo, maana mate ni maji. Unapopuliza, zuia feni kwa kidole isizunguke. Ikizungushwa kwa nguvu huharibu beringi zake. Angalia na mijusi. Mjusi aliyejibanza kwenye pawa saplai kutafuta joto huunganisha pasipounganishwa, na mashine huondoka naye.

Swichi

Kwenye saiba na maktaba za shule, swichi ya mbele hubonyezwa kila siku na kila mkono, na chemchemi yake huchoka. Fuata waya mbili zinazotoka kwenye swichi hadi kwenye bodi. Kwenye bodi za kawaida zinaishia kwenye pini zilizoandikwa PWR SW au PW. Zichomoe, kisha kwa ncha ya bisibisi bapa unganisha pini hizo mbili kwa sekunde moja tu, kebo ya stima ikiwa imechomekwa. Hapo ni volti chache, haziumi. Mashine ikiwaka, umemaliza: swichi ndiyo mbovu. Unaweza kuhamishia waya za swichi ya kuanza upya kwenye pini hizo hizo na kuendelea na kazi siku hiyo hiyo, bila kununua kitu.

OptiPlex na HP nyingi hufunga swichi, taa na pengine USB za mbele kwenye plagi moja, kwa hiyo hakikisha umepata pini sahihi kwenye maelezo ya modeli kabla ya kuunganisha chochote.

Pawa saplai na waya wa kijani

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo ninapotaka msomaji akae nami polepole. Ukiiweza hatua hii, hakuna atakayekuambia "bodi imeenda" bila wewe kujua kama ni kweli.

Plagi kubwa inayoingia kwenye bodi ya kawaida ina tundu 24. Acha kila kitu kimechomekwa kama kawaida. Weka multimita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Ncha nyeusi iingize nyuma ya plagi, pale waya mweusi unapoingia, mpaka iguse chuma. Ncha nyekundu ingiza nyuma ya waya wa zambarau. Chomeka kebo, usibonyeze swichi. Waya huu wa zambarau ni stima ya akiba, inayotakiwa kuwepo wakati wote kebo imechomekwa. Isome kati ya 4.75 na 5.25. Ukipata sifuri, chomoa plagi kubwa kwenye bodi na upime tena: bado sifuri, pawa saplai imekufa, ikirudi kuwa 5, kuna kitu kwenye bodi kinachoimeza.

Zambarau ikiwa sawa, hamishia ncha nyekundu kwenye waya wa kijani. Ukiwa hujabonyeza swichi, usome volti 3 hadi 5. Sasa bonyeza huku ukitazama. Bodi nzima huivuta kijani chini karibu na sifuri. Ndivyo inavyoiambia pawa saplai "toa zote". Mambo yanaweza kwenda namna tatu. Kijani isiposhuka, agizo halijatoka: kama swichi umeshaijaribu kwa bisibisi, bodi ndiyo yenye shida, na sasa unasema hivyo ukiwa na ushahidi. Kijani ikishuka na feni zisizunguke kabisa, agizo limefika na pawa saplai haikutii. Kijani ikishuka na volti zote zikatoka, shida iko mbele zaidi.

Volti hizo zote ni hizi: njano 11.4 hadi 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25, machungwa 3.14 hadi 3.47. Pima mashine ikiwa imewaka, kwa sababu pawa saplai iliyochoka husoma vizuri bila mzigo na kuporomoka ikipewa kazi. Mwisho, waya wa kijivu: nusu sekunde hivi baada ya kuwaka lazima ufikie karibu volti 5. Hiyo ndiyo saini ya pawa saplai kwamba volti zake zimetulia. Bila hiyo bodi haitaanza, hata feni zivume kama kinu cha posho.

Waya zote zikiwa nyeusi, hesabu tundu: zambarau ni la 9, kijani la 16, kijivu la 8, ukifuata mchoro wa plagi ya 24.

Unaweza pia kuijaribu pawa saplai ikiwa imetolewa kabisa. Kebo ikiwa imechomolewa, unganisha kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya au klipu ya karatasi, chomekea diski ya zamani iwe mzigo, kisha chomeka kebo. Feni ikizunguka ni dalili njema, lakini haitoshi. Nimeona watu wengi wakitosheka na feni. Feni huzunguka hata kwa volti 9. Pima.

Tahadhari moja kwa OptiPlex kama 3020, 7020 na 9020: plagi yao kuu ina tundu 8. HP za EliteDesk na ProDesk nyingi zina 6, ThinkCentre nyingi zina 14. Hizo usizipime kwa rangi nilizotaja, wala usiweke klipu kwa kubahatisha. Tegemea kitufe na taa za mashine yenyewe, au tafuta mchoro wa modeli yako.

Ile inayotikisika na kuzima

Chomoa kila kisicho cha lazima: diski, DVD, kadi ya picha, waya wa USB za mbele. Bakisha bodi, prosesa na feni yake, na ramu moja. Ikiwaka na kukaa, rudisha kimoja kimoja.

Zichunguze USB za mbele kwa tochi. Kwenye saiba huwa zinalazimishwa flashi kinyume mpaka ulimi wa ndani unavunjika na pini zinapinda zikagusana. Volti 5 hukutana na ardhi, pawa saplai inajifunga, na mashine nzima inakataa kuwaka kwa sababu ya kipande cha bati cha milimita mbili.

Bado inazima? Chomoa plagi ya tundu 4 au 8 iliyo karibu na prosesa, yenye waya za njano na nyeusi. Ikiwa sasa feni zinazunguka bila kusimama, shoti iko upande wa prosesa, mara nyingi kwenye transista zinazoilisha stima. Thibitisha: kebo ikiwa imechomolewa, pima omu kwenye tundu la bodi kati ya upande wa njano na wa nyeusi. Sifuri au karibu yake ni transista iliyoungana. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya hewa ya moto, na kwa bodi ya zamani mara nyingi gharama yake haina maana.

Kuhusu skrini nyeusi sitasema mengi. Hakikisha waya wa skrini umeingia kwenye kadi ya picha kama ipo, badala ya tundu la bodi. Hakikisha ile plagi ya karibu na prosesa imerudishwa, kwa sababu ikisahauliwa feni huzunguka na hakuna kingine. Toa ramu, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa, rudisha moja moja kwenye kila tundu. Toa betri ya CR2032, ile bapa ya duara iliyo kwenye bodi, dakika kumi kebo ikiwa imechomolewa. Ikisoma chini ya volti 2.7, weka mpya. Betri hiyo ikifa mara chache huzuia mashine kuwaka, lakini huifanya isahau mipangilio na saa, na ni bei ndogo.

Kwa nini zinakufa stima ikirudi

Watu husema stima imerudi "na nguvu". Ni kweli mara nyingine, hasa kwenye jengo lenye fezi tatu ambapo waya wa nyutro (wa kurudishia stima) umelegea: soketi za duka moja hushuka na za jirani hupanda kuelekea 415. Hilo hakuna ekstensheni itakayolizuia; ita fundi wa stima mwenye leseni akaze nyutro.

Lakini sababu mbili nyingine hazisemwi sana. Ndani ya pawa saplai nyingi kuna kipingamizi kinachopunguza mshindo wa stima ya kwanza, na hufanya kazi hiyo kikiwa baridi tu. Stima ikipotea na kurudi baada ya sekunde mbili, kinakuwa bado cha moto, na mshindo unapita wote. Ndiyo maana kupepesa mara tatu huumiza kuliko giza la saa nzima. Ya pili: kapasita ya stima ya akiba hukauka polepole kwa miaka kadhaa. Mashine ikiwa imechomekwa daima, joto huifanya iendelee kujikongoja. Stima ikikatika usiku kucha, inapoa, na asubuhi haina uwezo wa kuanza. Hakukuwa na mshindo wowote. Mashine inayowaka baada ya kuchomekwa nusu saa, au baada ya kubonyezwa mara kumi, ina dalili hiyo. Badilisha pawa saplai mapema.

Kwa hiyo stima ikipotea, chomoa kabisa, au zima ukutani, na usirudishe mpaka itulie dakika tano. Kilinda-friji chenye kuchelewesha stima hufanya kazi hiyo kwa sibiu pia. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguliwa inapoanza kuwaka, utafute AC Recovery kwenye Dell au After Power Loss kwenye HP, uweke ibaki imezima. Mawingu yakijikusanya Kisii au Kakamega, chomoa na waya wa intaneti: radi hupita huko na kuingia kwenye bodi bila kugusa pawa saplai.

Kununua na kuacha kwa fundi

Pawa saplai ya dukani isikudanganye na namba kubwa iliyoandikwa mbele. Soma jedwali ubavuni, mstari wa 12V. Ikisema ampea 15, ni wati 180 tu za mstari huo, hata kama boksi limeandikwa 500. OptiPlex za ofisi huja na pawa saplai za kama wati 240 hadi 290 na hutosheka nazo. Zilizo nyembamba hazipokei pawa saplai ya umbo la kawaida, kwa hiyo nenda dukani na ya zamani mkononi mlinganishe matundu ya misumari na plagi.

Kama kazi imekushinda na unaipeleka kwa fundi, toa diski ubaki nayo. Hahitaji faili zako kupima stima, na pawa saplai iliyokufa kwa kawaida haizigusi. Andika namba za ramu, piga picha ndani ya kisanduku. Kisha mpe karatasi yenye ulichosoma: soketi 238, zambarau 5.1, kijani 4.9 bila kubonyeza na 0.1 ukibonyeza, njano 0. Fundi anayejua kazi akiona namba hizo hatakuuliza chochote. Atakwenda moja kwa moja kutafuta pawa saplai.